Njia ya Pofu Haipiti Mwasela

Baba Kulwa,

Mwangaluka, kwa salamu ya kwenu Usukumani. Barua zetu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, na mimi nikikuandikia kwamba sijambo nitakuwa nimeanza kwa uongo. Nina hasira. Nimekaa nazo tangu mwezi wa sita, nimezunguka nazo Iringa mjini, nimekwenda nazo Igowole kwa mama, na kila ninayemsimulia ananipa pole kisha ananiuliza habari za kazi. Nimeona nikuandikie wewe, maana ni wewe uliyedhulumiwa, na ni wewe peke yako usiyeweza kwenda kuwauliza.

Kwanza naomba radhi. Sikuja kukuzika. Kulwa alinipigia simu nikiwa stendi ya Mafinga, mvua inanyesha, malori ya mbao yananguruma kila upande. Sikumsikia vizuri, nikamwambia arudie. Mtoto wa watu akalazimika kutamka mara mbili kwamba baba yake kabanwa na kifua siku nne na amefia hospitali, Mbeya. Nilipofika Iringa nikaingia kwa Mratibu wa mradi wetu kuomba ruhusa. Akaniuliza marehemu ni nani kwangu. Nikamwambia ni Mzee Maganga wa Mwasela. Akasema, "Yule alikuwa kibarua wetu, Sikitu. Siyo ndugu yako." Akaniomba nimalizie ripoti. Nikakaa, nikaimalizia. Hilo ni kosa langu, simsukumii mtu.

Lakini kibarua! Misimu mitatu tumetembea wote. Mradi ulitaka kujua pofu, wale swala wakubwa, na nyati na pundamilia wanapita wapi kiangazi kikianza, wanaposhuka kutoka misitu ya miombo ya vilimani kufuata maji ya Usangu, na mvua zikirudi wanapanda kwa njia gani. Waliwavalisha pofu wachache kola za kuwafuatilia, kola zikafa moja baada ya nyingine. Ikabaki miguu. Nilikuja na cheti changu cha chuo, buti mpya na kifaa cha GPS, na wewe ukaajiriwa kubeba maji. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi: mbeba maji.

Unakumbuka siku ya kwanza? Mimi nilitembea nimeinamia kifaa, wewe umeinamia ardhi. Ukaniacha nipotee weee, hadi jua likawa kali, ndipo ukaniambia kwa upole, "Hicho kinakwambia ulipo wewe. Wao walipo hakijui." Nilikasirika. Nilikuona mzee wa ng'ombe, utaniambia nini mimi kuhusu wanyamapori. Siku ya tatu ukanishika mkono ghafla, ukanikalisha nyuma ya kichuguu, ukaniambia nisikilize. Sikusikia kitu. Kisha nikasikia: tak, tak, tak, kama mtu anayevunja vijiti. Ukaninong'oneza kwamba ni magoti ya pofu, kwamba yule mnyama ni mzito kama maksai na akitembea magoti yake yanaalika. Walitokea mmoja mmoja kutoka kwenye miti, madume yenye ngozi za shingo zinazoning'inia, majike, ndama wenye mistari myembamba. Nilisahau kabisa kubonyeza kifaa. Wewe ndiye uliyenikumbusha.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuweka alama pale wanaporamba udongo wa chumvi, na pale majike wanaposimama kungoja ndama. Ulisema kuandika wanakopita tu ni sawa na kueleza habari za mtu akiwa barabarani ukasahau kwamba ana nyumbani. Kule ofisini niliitumia sentensi hiyo kwenye mkutano, wakanipigia makofi. Sikusema ni yako. Hilo nalo ni langu.

Na ile chupa ya ulanzi, pombe yetu ya mianzi, niliyokuletea kutoka Igowole! Nilikwambia usiifunge sana, maana mianzi ikishatoa ulanzi wake, unaendelea kuchacha wenyewe. Ukaifunga, ukaitia mkobani pamoja na michembe yako, vile viazi vitamu vya kukausha. Katikati ya pori chupa ikalipuka, tukalala chini wote wawili tukidhani ni jangili. Michembe ililowa ulanzi na ukaila hivyo hivyo hadi jioni, ukasema sasa umeelewa kwa nini Wahehe hawahami kwao.

Nilicheka siku ile. Baadaye nikaelewa kwamba kwako neno kuhama halikuwa la kuchekea. Mlitoka Shinyanga ng'ombe wakifa kwa ukame, na hapa Usangu mkaondolewa mara mbili. Mara zote mbili mliambiwa mmewafungia wanyama njia. Ndiyo maana ulikubali kubeba maji. Ulinieleza tukiwa tumekaa kwenye mto wa mchanga, ule mkavu unaoshuka kati ya vilima viwili, ambao wanyama wote huufuata hadi bondeni. Ulinionyesha Mwasela kwa kidole, mbali kule mashariki, moshi wa nyumba zenu hauonekani vizuri. Ukasema, "Sisi tulijenga kule makusudi, tusilale njiani kwao. Chora, mwanangu. Ikichorwa wataona."

Nikachora, Baba Kulwa. Mungu anajua nilichora kama ulivyonionyesha.

Sasa sikia walichofanya.

Mwezi wa sita ukaitishwa mkutano wa wananchi kwenye uwanja wa shule. Ramani ilichapishwa kwenye turubai kubwa, ikatundikwa ukutani kwa darasa. Mimi nilikalishwa meza ya mbele, na wataalamu, na maji ya chupa. Mratibu akaanza kueleza kwa fimbo: wanyama wanatoka vilimani hapa, wanashuka hapa. Nikatazama fimbo inavyoshuka. Mstari ulishuka vizuri hadi juu ya lile shamba la mpunga la mwekezaji, ambalo mwaka jana, wanyama walipokwisha kupanda, liliongezwa hadi likaumeza mto wa mchanga, likazungushiwa uzio wa umeme. Hapo mstari ukakata kulia. Ukauzunguka uzio wote kama mtu anayekwepa tope, ukaenda hadi Mwasela, ukapita juu ya nyumba zenu, kisha ukarudi zake bondeni. Mratibu akasema kaya za Mwasela zitatakiwa kuwapisha wanyama.

Kisha akasimama mkeo. Ana kanga yake ile ya bluu ya msiba, hajamaliza hata miezi minne ya ujane. Hakupaza sauti.

"Mume wangu ndiye aliyewaonyesha hiyo njia," alisema. "Kwa hiyo aliwaonyesha ipite kitandani kwetu?"

Wapo waliocheka, halafu wakaona haya. Mratibu akajibu kwamba taarifa zote zimekusanywa kitaalamu, akanigeukia na kuninyooshea mkono kwa heshima, kama mtu anayemtambulisha bibi harusi. Jina langu lilikuwa chini ya turubai, herufi kubwa. Lako halikuwepo. Paliandikwa: kwa ushirikiano na wenyeji.

Mama Kulwa akanitazama. Yule mama amenilisha ugali na mlenda misimu mitatu. Amenifulia nguo nilipougua malaria. Alikuwa ananitazama tu, anangoja nifungue mdomo.

Sikuufungua. Nilitazama vidole vyangu. Nilijiambia nina mkataba, kwamba pengine yapo nisiyoyajua, kwamba nitauliza ofisini kwa utaratibu. Mtu mwoga hakosi utaratibu. Kwenye gari njia nzima hadi Iringa niliongea na dereva habari za bei ya viazi.

Kesho yake nikafungua kompyuta. Alama zote tulizoweka kwenye mto wa mchanga, misimu mitatu, kwa miguu yako na yangu, zilikuwa zimeondolewa. Pembeni wameandika: zimechujwa. Na kule Mwasela kulikuwa na alama nyingi ajabu, zimerundikana mahali pamoja. Nilikaa nikizishangaa, maana mimi sikumbuki kuweka alama ya mnyama Mwasela hata siku moja. Ndipo nikatazama saa zake. Jioni. Zote ni za jioni.

Baba Kulwa, zilikuwa ni alama za uani kwako. Kila tuliporudi nilikuwa nawasha kifaa kukijaribu huku Mama Kulwa akisonga ugali, na kinajiandikia chenyewe kilipo. Wamechukua mahali tulipokuwa tunakula wakasema ni nyayo za pofu. Ukarimu wenu ndio ushahidi wao wa kuwafukuza. Nimesoma, nimepata cheti, na sijawahi kuona wizi wa namna hiyo.

Nikaingia kwa Mratibu bila kubisha hodi. Hakukataa. Hilo ndilo linaloniunguza hadi leo, kwamba hakuona hata haja ya kukataa. Alinieleza kwa utulivu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba shamba lina hati na Mwasela hawana, na kwamba ramani inayogombana na hati haitapitishwa na mtu, kwa hiyo wanyama wenyewe ndio watakaoumia tusipokubaliana na hali. Akasema, "Mstari wa ramani siyo Maandiko, Sikitu. Unasogezwa. Wanyama watazoea."

Nikamwambia watu wa Mwasela nao walishaambiwa watazoea, mara mbili. Akanikumbusha mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi. Nikamwambia hana haja ya kungoja mwisho wa mwezi. Madaftari yangu ya porini, yale niliyoandika kwa mkono wangu wakati wewe unataja, niliyatia kwenye begi nikatoka. Mlango nikauacha wazi.

Mama alisema nimepata wazimu, kazi zenyewe ziko wapi. Baba, ambaye amepasua mbao Mafinga maisha yake yote na hapendi maneno mengi, aliniuliza jambo moja tu: kama nilichokiandika kwenye madaftari ni kweli. Nikasema ni kweli. Akasema basi niende.

Nilikwenda ofisi za serikali. Siku mbili nilikaa kwenye benchi. Wa kwanza akaniambia nilete barua ya mradi. Wa pili akaniambia mambo ya wanyama siyo ya kwake, ni ya mwenzake, na mwenzake yuko semina. Mtu mmoja aliniuliza, bila aibu, kama nimeolewa na Msukuma. Siku ya tatu ndipo nikampata afisa ardhi, mama mmoja wa makamo, mkimya, viatu vyake vimeliwa na udongo. Alifungua madaftari ukurasa kwa ukurasa. Aliuliza hili jina Maganga linalorudiwa kila ukurasa ni la nani. Nikamweleza. Akafunga daftari akasema hawezi kwenda mbele ya wakubwa na karatasi dhidi ya karatasi. "Nionyeshe kwa macho," alisema. "Wanashuka lini?"

Nikampigia Kulwa. Baba Kulwa, yule mwanao unayemwita mvivu alikuwa tayari anajua. Alishapanda vilimani peke yake kutazama maji, akakuta madimbwi yamebaki tope. Akasema njooni wiki hii.

Tulipofika Mwasela nilimkuta Mama Kulwa anachambua mchele, akanikaribisha ndani kama kawaida. Ndani sikuingia. Nilikuwa naangalia ukuta. Kila nyumba ilikuwa imepakwa X nyekundu. Nyumba yako, zizi, banda la kuku. Kulwa akanishika begani akanizungusha hadi nyuma ya nyumba, pale ulipolazwa, pale walipokujengea kwa saruji kwa nguvu zao wenyewe. Na wewe walikupaka. X nyekundu, juu ya saruji, karibu na msalaba. Waliotumwa walisema makaburi nayo yatahamishwa.

Nilikaa pale chini. Afisa ardhi alisimama nyuma yetu, akavua kofia.

Alfajiri tulitembea hadi kona ya shamba, mahali uzio unapoukata mto wa mchanga: Kulwa, afisa ardhi, mtendaji wa kata ambaye alilalamikia umande njia nzima, na mimi. Tukakaa kwenye kichaka. Jua likatoka. Mtendaji akaanza kusema ana kikao. Kulwa akainua kidole.

Walikuja kwa mto, pale pale. Kundi kubwa la pofu, na pundamilia nyuma yao. Wakafika kwenye uzio wakasimama. Ulikuwa hujaona hili, ulikufa kabla hawajashuka, na nimefikiri sana kama nikuandikie. Dume moja likanusa waya, likapigwa na umeme, likaruka nyuma na kundi zima likashtuka. Kisha jike mmoja akarudi hatua chache, mwili ule wote, akaruka. Akapita juu ya uzio kama mbuzi. Akafuata wa pili, wa tatu. Wakaanguka upande wa pili kwenye mpunga, wakageuka kungoja. Ndama hawakuweza. Walikimbia huku na huku kando ya waya wakilia, na mama zao ng'ambo wanawaitikia. Mmoja akajaribu kupenya chini, umeme ukamrusha. Jike akaruka kurudi. Akaenda tena ng'ambo, akarudi tena, hadi miguu ya mbele ikakwama kwenye waya akaangukia shingo. Hakuinuka.

Mtendaji hakutaja kikao tena. Afisa ardhi alikuwa anapiga picha na machozi yanamtoka bila yeye kuyafuta, na alipomaliza aliomba tuzunguke uzio wote hadi Mwasela, hatua kwa hatua, ili aone kama kuna hata mnyama mmoja aliyefuata mstari wa ramani. Tulitembea hadi mchana. Tuliona nyayo za ng'ombe wenu, za mbwa, na za yule anayewaletea maji kwa baiskeli. Pofu, hata kwato moja.

Yaliyofuata nitakueleza kwa kifupi kwa kuwa hayakwenda kwa kifupi. Afisa ardhi aliandika ripoti yake. Wakamwita ajieleze, akajieleza. Wakaniita na mimi, na safari hii niliongea. Niliongea hadi mtu mmoja akaniomba nipunguze sauti, nikakataa. Niliwasomea daftari langu, na kila alama nikataja nani aliiona kwanza. Mwezi wa nane shamba likaamriwa kufungua uzio pale kwenye mto wa mchanga, juu hadi chini, na limefungua, ingawa wamekata rufaa. Ramani imerudishwa ikachorwe upya. Ile hatua ya kuwahamisha Mwasela, barua inasema, imesitishwa.

Kulwa aliniambia pundamilia wa mwisho walipita hapo kwenye uwazi mchana kweupe, wafanyakazi wa shamba wakiwatazama. Nilifurahi. Nilifurahi kwa dakika chache, kisha hasira zikarudi, maana nilijiuliza jike yule angekuwa hai kama ningefungua mdomo siku ya mkutano. Na nikajiuliza kwa nini ilibidi mnyama afe mbele ya macho ya wakubwa ndipo neno lako liwe kweli. Ulilisema misimu mitatu. Ulilisema kwa Kiswahili kilichonyooka. Walikuwa na mtu anayeijua njia, wakampa dumu la maji abebe.

Na hawajamaliza. Rasimu ya ramani mpya nimeiona kwa afisa ardhi. Mstari uko sawa, nimeupima. Chini wameandika tena: kwa ushirikiano na wenyeji. Nimewarudishia nikiwa nimekata neno hilo kwa kalamu na kuandika jina lako lote na la baba yako. Wakilifuta nitaliandika tena.

Juzi nilikwenda Mwasela kumsomea Mama Kulwa barua ya kusitisha, maana ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya kumchosha mtu. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza neno kusitisha maana yake ni kwamba wamefuta au wamepumzika. Sikuweza kumdanganya. Nilichota maji, nikachukua jiwe na gunzi, nikataka nianze kuisugua ile X hapo kaburini kwako. Akaniondolea ndoo mkononi.

"Acha," alisema. "Aliyeipaka aje aifute."

Kwa hiyo bado umelala chini yake, Baba Kulwa, na mimi nimekubaliana na mkeo. Kesho kutwa napanda basi kwenda Iringa. Nitaingia ofisini kwa Mratibu, nitamwambia mpaka rufaa iishe siondoki Usangu, na nitamwambia anayetakiwa Mwasela ni yeye mwenyewe, asitume vijana. Akikataa nitarudi wiki inayofuata, na inayofuata.

Kwaheri, baba yangu. Nimekuita hivyo leo na hakuna wa kuniuliza wewe ni nani kwangu. Sitachora tena njia ya kiumbe chochote nikanyamaza inapopindishwa. Na huyo mtu nitakuletea. Atapiga magoti hapo kwako na ndoo ya maji, na atasugua hadi saruji iwe nyeupe.

Wako,
Sikitu